Mguu wa Mashine ya Mtumbwi

Mji wa Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Nchi ya huko ni ya mbuga na mashamba. Watu wake hulima pamba, mahindi na mtama, na kuchunga ng'ombe. Mtoto aliyezaliwa huko aweza kufika darasa la tano asione maji makubwa kuliko yale ya lambo la kunyweshea mifugo. Lakini akiishika barabara ya lami iendayo kaskazini, baada ya mwendo wa kilomita 70 hivi atafika Lamadi, katika Wilaya ya Busega, na karibu na hapo ataona maji yaliyoenea mpaka yanakutana na mbingu. Hiyo ni Ghuba ya Speke, mkono wa Ziwa Victoria ulioingia upande wa kusini-mashariki. Katika wilaya zote za Simiyu, ni Busega peke yake iliyo kando ya ziwa.

Wavuvi wa ghuba hiyo hutafuta sangara, sato na dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani mitumbwi yote ilikwenda kwa kasia au kwa tanga, na mpaka leo makasia hayajaachwa. Lakini wavuvi wengi hutumia mashine ya kupachika, yaani injini inayofungwa nyuma ya mtumbwi. Mashine mpya yahitaji fedha nyingi. Kwa hiyo mvuvi aghalabu hununua iliyokwisha tumika, na mashine ya namna hiyo yaweza kuwa na ugonjwa ambao jicho haliuoni.

Ugonjwa huo ni wa ajabu. Mvuvi yuko mbali na nchi kavu, wingu jeusi linapanda, upepo unaanza kuvuma. Avuta kamba, na injini yaunguruma vizuri kabisa. Lakini mtumbwi hausogei hata shibiri moja. Nguvu ipo juu, wala haifiki chini. Katika Ziwa Victoria dhoruba huweza kuzuka ghafula, na mtumbwi usiokuwa na mwendo hauwezi kuyaelekea mawimbi. Hugeuzwa ubavu na kujazwa maji. Kwa hiyo yafaa kujua sababu ya ugonjwa huo, na jinsi fundi mwema anavyouponya.

KAZI YA MGUU

Mashine ya kupachika ina sehemu tatu. Juu ni kichwa, ndimo inamochomwa petroli. Katikati ni shina refu. Chini kabisa, ndani ya maji, ni sehemu ya tatu, ambayo katika somo hili itaitwa mguu. Umbo hili ni la zamani. Ole Evinrude, mtu aliyezaliwa Norway na kuhamia Marekani, alianza kuuza mashine zake katika mji wa Milwaukee mwaka 1909. Nazo tayari zilikuwa na injini juu, shafti iliyosimama wima, na gia chini ya maji. Mashine za leo zina nguvu nyingi zaidi, lakini mpango wenyewe ni ule ule.

Ndani ya mguu mna shafti mbili. Ya kwanza yatoka juu kwenye injini na kushuka wima. Ya pili imelala, na mwisho wake wa nyuma umefungwa rafadha, ambayo wavuvi huiita propela, yaani mapanga yanayosukuma maji. Basi nguvu inayoshuka haina budi kukata kona ili iende nyuma. Mnyororo wa baisikeli hauwezi kazi hiyo, maana magurudumu yake yote mawili ya meno husimama upande mmoja. Hapa hutumika gia zenye meno yaliyochongwa kwa mshazari. Gia ndogo imefungwa chini ya shafti ya wima, nayo yashikana na gia kubwa mbili zilizo juu ya shafti iliyolala, moja mbele na moja nyuma.

Gia kubwa hizo huzunguka daima maadamu injini inakwenda, moja huku na moja kule. Lakini hazikushikamana na shafti yao. Zazunguka juu yake tu. Baina yake mna kipande cha chuma chenye meno, kiitwacho klachi, kinachozunguka pamoja na shafti na kuweza kuteleza mbele na nyuma. Mvuvi akisukuma mkono wa gia, klachi yaingia katika gia moja, na mtumbwi waenda mbele. Akiuvuta, yaingia katika ya pili, na mtumbwi warudi nyuma. Klachi ikikaa katikati, injini yanguruma na rafadha yatulia.

Gia zina kazi nyingine tena. Ikiwa gia ndogo ina meno 13, na gia kubwa ina meno 26, gia ndogo lazima izunguke mara mbili ili kubwa izunguke mara moja. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, rafadha yazunguka mara 2,500. Wepesi wapungua, lakini nguvu ya kusukuma yaongezeka, kama vile mpanda baisikeli anapotumia gia nyepesi kupanda kilima.

ADUI WA MGUU

Meno haya yasuguana kwa nguvu nyingi saa baada ya saa. Kinachoyalinda ni mafuta mazito ya gia, yanayoweka utando mwembamba baina ya chuma na chuma. Nje ya sanduku la gia ni maji matupu, na ndani ni mafuta matupu. Mpaka wao ni sili. Sili ni pete ya mpira iliyotiwa katika pete ya chuma. Mdomo wake mwembamba waikumbatia shafti pande zote, hata shafti izungukapo mafuta hayatoki wala maji hayaingii. Kitu hiki chaweza kukaa katika kiganja cha mtoto, nacho ndicho kinacholinda mashine nzima.

Adui mkubwa wa sili katika ziwa ni uzi wa nailoni wa nyavu za wavuvi wenyewe. Kipande cha wavu kinachoelea huvutwa na rafadha, kikajizungusha katika shafti, baina ya rafadha na mguu. Mvuvi haoni kitu. Kila siku uzi wazidi kujikaza, huku ukiingia ndani kidogo kidogo, mpaka unakata mdomo wa sili. Adui wengine ni shafti iliyopinda kwa kugonga jiwe, mchanga wa maji machache, na washa kuukuu katika bolti za kutilia mafuta.

Sili ikisha katwa, maji huingia kwa njia hii. Mashine ikifanya kazi, mguu hupata moto, na mafuta na hewa iliyomo hutanuka. Mafuta kidogo husukumwa nje. Mashine ikizimwa, mguu hupoa katika maji, vilivyomo hupungua, na mahali pa mafuta yaliyotoka huvutwa maji. Hivyo kila safari hutoa mafuta na kuingiza maji. Maji huharibu ule utando wa mafuta, na mashine ikikaa siku kadhaa bila kazi, beringi hushikwa na kutu. Chembe za kutu husaga meno kama mchanga usagavyo jiwe. Mwisho wake ni meno kuvunjika, nayo hayavunjiki ufuoni, bali pale kazi inapokuwa nzito, yaani katika mawimbi.

KUSOMA MAFUTA

Fundi mwema hawashi mashine iliyotumika kabla ya kusoma mafuta yake. Kwanza huondoa vifuniko vya waya katika plagi za kichwani, ili injini isije ikawaka ilhali mkono uko kwenye rafadha. Kisha huacha mashine imesimama wima usiku mzima. Maji ni mazito kuliko mafuta, basi hushuka chini. Asubuhi huweka chombo safi, akafungua polepole bolti ya chini, kisha ya juu, ili hewa iingie na mafuta yashuke.

Mafuta yakiwa safi, au yamekuwa meusi kidogo kwa kazi, si vibaya. Yakitangulia matone ya maji matupu, maji yameingia. Yakiwa meupe mazito, kama chai iliyotiwa maziwa mengi, maji yamekwisha changanywa na gia. Ungaunga laini wa chuma katika sumaku ya bolti si jambo la kuogopesha. Lakini vipande vinavyokwaruza baina ya vidole ni meno yaliyovunjika, na hapo hapana budi sanduku lifunguliwe. Mnunuzi mwenye busara huomba bolti hii ifunguliwe mbele yake kabla hajatoa fedha.

Ikiwa injini yanguruma na mtumbwi hauendi, fundi huanza na lililo rahisi. Katika mashine ndogo za zamani rafadha hushikwa na pini, ambayo imefanywa laini makusudi ili ivunjike yenyewe rafadha ikigonga jiwe, gia zisalimike. Katika nyingine mna mpira ndani ya kitovu cha rafadha, na mpira huo ukilegea, shafti huzunguka peke yake. Mambo haya mawili yatazamwe kwanza, maana kuyatengeneza ni kazi ndogo.

KUTAFUTA TUNDU

Kujua kwamba maji yameingia hakutoshi. Yapasa kujua yameingilia wapi. Kila mtoto wa Bariadi amemwona fundi wa baisikeli akitafuta tundu la mpira. Huujaza upepo, akauzamisha katika karai la maji, akatazama povu linakotoka. Fundi wa mashine hufanya vile vile. Akisha kumwaga mafuta yote, hufunga tundu moja la mguu, na katika la pili huunga mpira wa pampu yenye saa ya kupimia upepo. Hutia upepo kidogo tu, kwa kadiri iliyoandikwa na mtengenezaji, kwa maana upepo mwingi huweza kuzing'oa hata sili nzima. Kisha huuzamisha mguu katika pipa la maji, akizungusha shafti kwa mkono na kusogeza gia.

Povu likitoka kwenye shafti ya rafadha, sili ya nyuma ina kosa. Likitoka juu, kosa ni la sili ya shafti ya wima au ya kijiti cha gia. Likitoka kwenye bolti, washa mpya yatosha. Kwa njia hii pipa moja la maji lamwokoa fundi asikisie, na lamwokoa mvuvi asilipe kazi isiyohitajiwa.

KUTENGENEZA

Kuutoa mguu, fundi hukitenga kijiti cha gia, akafungua bolti zinazoushika, na kuuvuta chini moja kwa moja bila kuupinda. Mguu ni mzito. Mtu wa pili aushike. Juu yake kuna pampu ndogo yenye gurudumu la mpira liitwalo impela. Kazi yake ni kupandisha maji ya ziwa ili kupoza kichwa. Alama yake ni ule uzi wa maji unaoruka nyuma ya mashine. Kwa kuwa mguu umekwisha kutolewa, ni vema impela itazamwe papo hapo. Ikiwa mapanga yake yamepasuka, au yamebaki yamelala upande mmoja, ibadilishwe.

Kisha fundi hutoa rafadha, akakata nyuzi zote zilizojizungusha, akatoa kifuniko cha nyuma kinachobeba sili na beringi. Kila kitu hulazwa juu ya kitambaa safi, kwa taratibu ile ile kilivyotolewa. Mna washa nyembamba kama karatasi, zilizopimwa na mtengenezaji ili meno yakutane barabara. Washa moja ikipotea au ikihamishwa, gia nzima zitasagana vibaya na kuharibika.

Sasa vipande hutazamwe kimoja kimoja. Meno ya klachi yakiwa yamelika pembe, gia itaruka yenyewe mtumbwi ukiwa na mzigo. Chuma kilichogeuka rangi ya buluu kimeungua kwa kukosa mafuta. Beringi ikikwaruza inapozungushwa kwa kidole, imekwisha. Shafti huzungushwa polepole karibu na ncha ya kalamu iliyotulizwa. Nafasi baina yake ikipanuka na kupungua, shafti imepinda.

Mahali pa kutazamwa kuliko pengine pote ni pale sili ilipokumbatia shafti. Fundi hupitisha ukucha wake hapo. Ukucha ukikwama katika mfuo, sili mpya nayo itavuja, hata ikiwa ya bei kubwa namna gani. Shafti yenyewe ina kosa. Ikiwa pako laini, sili kuukuu hutolewa bila kukwaruza tundu lake. Mpya hupakwa grisi mdomoni na kusukumwa kwa kipande cha bomba chenye upana sawasawa nayo, ili iingie pande zote pamoja. Mtu anayeigonga upande mmoja kwa nyundo huipinda, na kazi yake yote ni bure. Tena upande wa mdomo wake lazima uwe kama ulivyokuwa wa kwanza. Akisha kuyarudisha yote, fundi hurudia jaribio la pipa. Povu likiwa halionekani tena, kazi ya kuziba imekwisha.

KUJAZA MAFUTA

Mtu asiyejua angemimina mafuta kwa tundu la juu. Lakini mafuta ni mazito, na hewa iliyo chini haipati njia ya kutoka. Sanduku lingeonekana limejaa, kumbe nusu yake ni hewa. Kwa hiyo mafuta hutiwa kwa tundu la chini, yakipanda na kuisukuma hewa itoke juu. Yakitoka juu bila mapovu, sanduku limejaa.

Kisha bolti ya juu hufungwa kwanza, na ya chini baadaye. Mwanafunzi aweza kuijua sababu kwa bua la jani la mpapai. Alichovye buani majini, azibe ncha ya juu kwa kidole, alitoe: maji hayaanguki. Aondoe kidole: maji yaanguka mara moja. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mguu. Tundu la juu likisha kuzibwa, hewa haipati pa kuingilia, na mafuta husubiri mpaka fundi atie bolti ya chini.

Mafuta machafu yasimwagwe ufuoni. Maji yale yale ndiyo yanayotekwa kwa kupikia na kunywa, na ndimo samaki wanamozaa. Yatiwe katika dumu na kupelekwa mahali yanapopokewa.

UAMINIFU WA FUNDI

Baada ya kazi hii mashine hujaribiwa karibu na ufuo, mtu akichunga uzi wa maji wa kupoza. Baada ya safari chache bolti ya chini hufunguliwa tena kidogo, ili tone la kwanza litazamwe. Likiwa safi, fundi aweza kumwambia mvuvi aende mbali. Mvuvi naye ana wajibu wake: kutoa rafadha mara kwa mara na kukata nyuzi zilizojizungusha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Lakini iko njia nyingine iliyo fupi. Mtu aweza kumwaga mafuta meupe, akatia mapya, akafuta mguu kwa kitambaa, akamwambia mnunuzi kwamba mashine ni nzima. Bolti ikifunguliwa siku hiyo, mafuta yataonekana safi. Kwa siku kadhaa itakwenda vizuri. Tundu lakini bado lipo, na maji yaendelea kuingia kila jioni. Mafuta mapya huuficha ugonjwa, hayauponyi. Siku meno yatakapovunjika, aliyeyaficha atakuwa nyumbani kwake, na mvuvi atakuwa gizani katikati ya ghuba, akisikiliza injini inayonguruma bure.

Kwa sababu hiyo kazi ya fundi haipimwi kwa mng'ao wa mashine inapotoka mikononi mwake, bali kwa tone la kwanza la mafuta linalotoka baada ya safari nyingi.

MASWALI

1. Kwa nini baisikeli yaweza kutumia mnyororo, lakini mguu wa mashine wahitaji gia za mshazari?

2. Gia ndogo ina meno 12, na gia kubwa ina meno 24. Injini ikizunguka mara 4,800 kwa dakika, rafadha itazunguka mara ngapi?

3. Eleza jinsi uzi wa wavu unavyoweza kuvunja meno ya gia.

4. Kwa nini maji huingia zaidi mashine inapopoa?

5. Chukua bua la jani la mpapai ufanye jaribio lililoelezwa. Kisha eleza kwa nini bolti ya juu hufungwa kwanza.

6. Mtu ameuza mashine baada ya kubadilisha mafuta tu. Je, amesema uongo, ingawa mafuta ni mapya kweli? Toa sababu.